Tiba ya umeme wa ubongo kwa maradhi ya akili: Utafiti wa Dkt. Helen Mayberg na yanayotuhusu

Sifa zote njema ni za Allaah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), pamoja na ahli zake na Swahaba zake.

Ama ba'ad,

Lipo swali ambalo familia zetu huliuliza kwa sauti ya chini, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna jirani anayesikia. Ndani ya nyumba kuna mtu, pengine kijana aliyekuwa akisoma vizuri, pengine mama wa watoto, ambaye kwa miezi mingi sasa hainuki kitandani ila kwa kusukumwa. Chakula hakishuki, usingizi hauji, hataki kuonana na mtu. Ameshasomewa, ameshakunywa kombe, ameshapelekwa hospitali akapewa vidonge, na hali bado ni ile ile. Kisha jamaa aliyeko ng'ambo anatuma ujumbe kwenye simu: huku madaktari wanatibu maradhi haya kwa umeme wa ubongo.

Hapo maswali huwa matatu. Je, ni kweli? Je, inajuzu? Na la tatu, ambalo wengi huona haya kulisema: mtu akitiwa waya kichwani kisha akarudi kucheka, anayecheka ni yeye au ni mashine?

Tumeona vyema tuyajibu maswali haya kwa kufuata kazi ya mtafiti mmoja, Dkt. Helen Mayberg, daktari wa mishipa ya fahamu wa Marekani, ambaye kwa zaidi ya miaka 30 amekuwa akichunguza nini hutokea ndani ya ubongo wa mtu mwenye sonona. Tumemchagua yeye kwa sababu kazi yake ina mafanikio na pia ina kushindwa, na vyote viwili vimeandikwa wazi. Mwenye mgonjwa nyumbani anahitaji kuvijua vyote viwili.

Huzuni, na maradhi ya huzuni

Kwanza tutofautishe. Kila binaadamu huhuzunika. Nabii Ya'quub ('alayhis-salaam) alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakapoteza nuru, wala hakuna Muislamu anayethubutu kusema kwamba imani yake ilikuwa haba. Huzuni ya msiba ina sababu inayojulikana, na kwa kawaida hupungua siku zinavyokwenda.

Sonona ni kitu kingine. Ni maradhi ambayo huzuni, au ule utupu wa kutohisi kitu chochote, unakaa wiki baada ya wiki na hauondoki hata mambo yakiwa mazuri. Mgonjwa hupoteza hamu ya chakula na ya watu, usingizi huharibika, mwili huwa mzito kama uliofungwa mawe, fikra huenda polepole, na wengine hufikia kuona kwamba ni bora wasiwepo. Hapo ndipo maradhi haya yanapoua.

Tofauti hii si uvumbuzi wa Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni Muislamu aliyezaliwa katika eneo la Balkh mwaka 850 na kufariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi. Humo alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama vile kufiwa, na huzuni isiyokuwa na sababu inayojulikana, ambayo aliona chanzo chake kiko mwilini na hivyo inahitaji pia dawa za mwili. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, Dkt. Mayberg aliingia katika mlango huo huo akiwa na mashine za kupiga picha ubongo.

Ramani ya huzuni

Katika miaka ya 1990 madaktari wengi walikuwa wakizungumzia sonona kama upungufu wa kemikali fulani ubongoni. Dkt. Mayberg aliuliza swali tofauti: ni sehemu gani za ubongo zinazofanya kazi kupita kiasi, na zipi zimelala? Alitumia mashine inayoonyesha wapi damu inakwenda kwa wingi na wapi sukari inatumika zaidi ndani ya ubongo, kwa sababu sehemu inayofanya kazi sana hutumia zaidi.

Mwaka 1999 yeye na wenzake walichapisha utafiti ambao hata asiyekuwa daktari ataufahamu. Waliwachukua watu wazima wa afya, wakawataka wakumbuke jambo la huzuni lililowapata maishani mwao, na wakati wamo ndani ya huzuni hiyo wakapigwa picha. Sehemu moja ndogo iliyo ndani kabisa, katikati, nyuma ya paji la uso, iliamka na kufanya kazi kwa nguvu. Wakati huo huo sehemu za mbele zinazohusika na fikra na kupanga mambo zikapoa. Kwa wagonjwa wa sonona waliopata nafuu, picha ilikuwa kinyume chake: sehemu ile ya ndani ilitulia, na zile za mbele zikaamka.

Sehemu hiyo inaitwa eneo la 25. Jina limetokana na ramani ya ubongo iliyochorwa na Mjerumani Korbinian Brodmann mwaka 1909, ambaye alizipa sehemu za ubongo namba. Eneo la 25 lina njia za kuwasiliana na sehemu zinazosimamia usingizi, hamu ya kula, kumbukumbu, hofu na fikra. Ndiyo maana mgonjwa wa sonona haumwi kitu kimoja. Anaumwa vyote hivyo kwa pamoja.

Kwa hiyo kinachoonekana ni hiki. Mtu wa afya akihuzunika, eneo hili huamka, kisha hutulia. Kwa mgonjwa mzito halitulii. Ni kama jahazi ambalo upepo upo, tanga limepandishwa, na mabaharia wamo, lakini nanga haijang'olewa. Ukimwambia nahodha ajitahidi zaidi, hujamsaidia kitu. Hivyo ndivyo anavyojisikia mgonjwa anapoambiwa ajikaze, aache uvivu, au aongeze imani.

Chumba cha upasuaji, Toronto

Wapo wagonjwa ambao vidonge vinawasaidia, na wapo wanaosaidiwa na mazungumzo ya tiba pamoja na mshauri aliyesomea kazi hiyo. Lakini wapo pia ambao wamejaribu kila dawa, wamezungumza na washauri, wamepata hata tiba ya mshtuko wa umeme, na bado. Dkt. Mayberg alijiuliza: ikiwa eneo la 25 ndilo lililokwama, je, tunaweza kulifikia lenyewe?

Wakati huo tayari ilikuwepo tiba ya kupandikiza waya ndani ya ubongo kwa wagonjwa wa Parkinson, maradhi yanayotetemesha mikono na kukakamaza mwili. Dkt. Mayberg, akiwa Toronto, Kanada, alishirikiana na mpasuaji wa ubongo Dkt. Andres Lozano. Mwaka 2003 wakaanza na wagonjwa wenye sonona sugu iliyoshindikana kwa kila tiba.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mgonjwa hufungwa kichwa katika fremu ili kisisogee. Hupigwa ganzi kwenye ngozi, na matundu madogo mawili hutobolewa kwenye fuvu. Waya mwembamba, unene wake karibu na wa tambi, hupitishwa taratibu kila upande mpaka ufike mahali palipopangwa kwa picha. Ubongo wenyewe hausikii maumivu, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuwa macho na kuzungumza. Baadaye nyaya hizo huunganishwa, kwa kupitia chini ya ngozi ya shingo, na betri ndogo inayowekwa chini ya ngozi ya kifua. Betri hutoa umeme mdogo sana. Katika utafiti wa mwanzo ulikuwa ukipiga mara 130 kwa sekunde, usiku na mchana.

Umeme ulipowashwa mara ya kwanza, baadhi ya wagonjwa walisema mambo ambayo hakuna aliyewafundisha kuyasema. Mmoja aliona utulivu wa ghafla. Mwingine alihisi ule utupu umeondoka. Mwingine aliona chumba kama kimepata mwanga. Hawakuruka kwa furaha wala hawakulewa. Walichoeleza ni uzito kuondoka.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Wagonjwa walikuwa 6. Baada ya miezi 6, wanne kati yao walikuwa wamepata nafuu kubwa iliyoendelea. Mwaka 2008 yakachapishwa matokeo ya wagonjwa 20, na baada ya miezi 6 asilimia 60 yao walikuwa na nafuu kubwa. Hawa ni watu ambao tiba nyingine zote ziliwashinda.

Jaribio lililoshindwa

Hapa ndipo tunapomuomba msomaji asome kwa utulivu, kwa sababu ujumbe unaozunguka kwenye simu huishia kwenye aya iliyopita.

Wagonjwa 6, au hata 20, hawatoshi. Huenda mtu akapata nafuu kwa sababu tu amepata matumaini, au kwa sababu madaktari wanamjali kuliko alivyowahi kujaliwa. Njia ya kujua ukweli ni kuwatia waya wagonjwa wengi, kisha kuwawashia umeme baadhi yao na kuwaacha wengine bila kuwawashia, pasipo mgonjwa wala anayempima kujua nani yuko upande upi.

Jaribio kama hilo lilifanyika Marekani kwa wagonjwa 90. Waliowashiwa walikuwa 60, na ambao hawakuwashiwa walikuwa 30. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu kubwa miongoni mwa waliowashiwa walikuwa 12, yaani asilimia 20. Miongoni mwa wasiowashiwa walikuwa 5, yaani asilimia 17. Hiyo si tofauti ya kujivunia. Jaribio lilisimamishwa kabla ya kukamilika, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017.

Lakini habari haikuishia hapo. Wagonjwa wale waliendelea kufuatiliwa, sasa wote wakiwa wamewashiwa, na baada ya miaka 2 karibu nusu yao, asilimia 49, walikuwa na nafuu kubwa. Na katika utafiti mwingine wa Dkt. Mayberg na wenzake uliochapishwa mwaka 2012, wagonjwa waliokwishapata nafuu walizimiwa umeme bila kuambiwa ni lini. Maradhi yakarudi. Baada ya wagonjwa 3 wa mwanzo, watafiti waliiondoa hatua hiyo kwa kuona kwamba si haki kumrudisha mtu katika mateso hayo kwa ajili ya kupima tu.

Kwa hiyo mambo mawili yalikuwa kweli kwa pamoja: kwa baadhi ya wagonjwa umeme ulikuwa ukifanya kazi, na jaribio kubwa lilishindwa kulithibitisha hilo. Mtafiti asiye mkweli angelichagua moja na kulificha la pili. Dkt. Mayberg na wenzake walirudi mezani kuuliza wapi walikosea.

Walichokirekebisha

Jambo moja walilolikuta ni mahali. Hapo mwanzo mpasuaji alilenga eneo la 25 kwa kutazama umbo la ubongo. Walipochunguza wale waliopona, waliona kwamba nyaya zao zilikuwa zimegusa makutano ya njia nne za mawasiliano zinazotoka hapo kwenda sehemu nyingine za ubongo. Wale ambao hawakupona, nyaya zao zilikuwa zimekosa baadhi ya njia hizo. Na makutano hayo hayako mahali pamoja kwa kila mtu, kama vile njia za mtaa mmoja zisivyolingana na za mtaa mwingine.

Wakaanza kumchorea kila mgonjwa ramani yake mwenyewe kabla ya upasuaji. Mwaka 2018 walichapisha matokeo ya wagonjwa 11 waliotibiwa kwa njia hiyo: baada ya miezi 6, wanane walikuwa na nafuu kubwa, baada ya mwaka, tisa. Mwaka 2019 wakachapisha habari za wagonjwa 28 waliofuatiliwa, baadhi yao kwa miaka 8, na katika miaka hiyo nusu au zaidi walibaki na nafuu kubwa.

Jambo la pili ni kupima. Daktari wa kisukari ana kipimo cha damu. Daktari wa presha ana mashine ya mkononi. Daktari wa sonona amekuwa akitegemea maneno ya mgonjwa, na mgonjwa huyo mara nyingi hawezi hata kusema. Mwaka 2023 Dkt. Mayberg, ambaye sasa yuko Mount Sinai, New York, pamoja na wenzake wa Atlanta, walichapisha utafiti wa wagonjwa 10 waliowekewa kifaa kinachotoa umeme na pia kusikiliza ishara za ubongo. Kwa msaada wa kompyuta walitambua ishara inayobadilika mgonjwa anapopona. Mgonjwa mmoja ambaye maradhi yalimrudia, ishara yake ilionyesha hatari kabla madaktari hawajaiona kwa macho. Katika hao 10, tisa walipata nafuu kubwa baada ya wiki 24.

Hata hivyo, tusipitilize. Hao ni watu wachache. Tiba hii ya kupandikiza waya kwa ajili ya sonona bado iko katika utafiti. Hata Marekani haijaidhinishwa kuwa tiba ya kawaida ya sonona. Ina hatari zake: kutokwa na damu ubongoni, kuambukizwa jeraha, kuhitaji kubadilishwa betri. Si kitu cha kuuzia shamba la mikarafuu leo ili kumsafirisha mgonjwa kesho.

Si kila tiba ya umeme ni upasuaji

Watu huchanganya tiba tatu tofauti, na kila moja ina hali yake.

Ya kwanza ndiyo tuliyoieleza: waya ndani ya ubongo.

Ya pili ni tiba ya sumaku. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba sumaku yenye nguvu ikiwekwa juu ya kichwa inaweza kuuamsha ubongo bila kupasua. Marekani iliidhinisha mashine ya aina hii kwa tiba ya sonona mwaka 2008. Mgonjwa hukaa kwenye kiti akiwa macho, mashine hugonga-gonga karibu na kichwa kwa dakika 20 hadi 40 au chini ya hapo, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4 hadi 6. Wengi huumwa na kichwa kidogo tu. Mara chache sana huweza kutokea kifafa, na mwenye chuma kichwani, kama kifaa cha kusaidia masikio kilichopandikizwa, hafai kuitumia.

Ya tatu ni tiba ya mshtuko wa umeme, iliyoanzishwa Roma mwaka 1938 na Ugo Cerletti na Lucio Bini. Hii ndiyo inayoogopwa zaidi, kwa sababu zamani ilifanywa bila nusukaputi, na wako waliotendewa kwa ukatili. Siku hizi, inapofanywa ipasavyo, mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi na kupewa dawa ya kulegeza misuli, na hasikii kitu. Inaweza kusahaulisha mambo ya siku za karibu. Lakini kwa sonona nzito inayohatarisha maisha, kwa mfano mgonjwa aliyeacha kula kabisa, bado ni miongoni mwa tiba zenye nguvu zaidi zilizopo.

Hofu ya watu kuhusu kuguswa ubongo ina sababu. Katika karne iliyopita madaktari waliwakata wagonjwa sehemu za mbele za ubongo ili watulie, na mwanzilishi wa upasuaji huo, Egas Moniz wa Ureno, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Wengi waliofanyiwa hivyo hawakurudi kuwa wale wale. Kilichokatwa hakirudi. Umeme unaweza kupunguzwa, kuongezwa au kuzimwa.

Maswali ya kisheria

Je, inajuzu kutafuta tiba ya aina hii? Asili ya kujitibu ni kuruhusiwa, bali kuhimizwa. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliulizwa na mabedui kuhusu kujitibu, akawaamrisha wajitibu, na akabainisha kwamba Allaah Hakuteremsha maradhi ila Ameyateremshia dawa, isipokuwa uzee. Na akili ni miongoni mwa mambo matano ambayo Shari'ah imekuja kuyahifadhi, pamoja na dini, nafsi, kizazi na mali. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha saba Jeddah mwaka 1992, liliamua kwamba kujitibu kunakuwa wajibu pale ambapo kuacha kutapelekea kupotea nafsi au kiungo, na kunapendekezwa pale ambapo kuacha kutadhoofisha mwili. Sonona inayomsukuma mtu kwenye mauti haiko mbali na hukumu hiyo ya kwanza.

Je, huku si kubadilisha maumbile ya Allaah? Kubadilisha kunakokatazwa ni kule kwa kujipamba na kufuata matamanio. Kurudisha kiungo kilichoharibika katika kazi yake ni tiba, sawa na miwani au upasuaji wa moyo. Na wagonjwa wa Dkt. Mayberg hawakupewa furaha ya bandia. Waliondolewa uzito, kisha wakabaki na kazi ya kujifunza upya kuishi: kuamka, kupika, kufanya kazi, kuzungumza na watoto wao. Nanga imeng'olewa, lakini safari ni yao. Kwa hiyo jibu la swali lile la tatu ni kwamba anayecheka ni yeye.

Je, mgonjwa anaweza kulazimishwa? Mwenye akili timamu hatibiwi bila idhini yake. Asiyeweza kuamua, walii wake huamua kwa maslahi ya mgonjwa, si kwa kuondoa aibu ya familia. Na Baraza hilo hilo lilibainisha kwamba majaribio ya kitabibu yanahitaji ridhaa ya mtu mwenye uwezo kamili wa kuamua, bila ya shinikizo wala kishawishi cha fedha, na kwamba wasiokuwa na uwezo huo hawafanyiwi utafiti hata walii wao wakiridhia. Mzazi akiambiwa mwanawe aingizwe katika utafiti, alikumbuke hili.

Vipi kuhusu udhu na funga? Betri na waya viko chini ya ngozi, havizuii maji. Tiba ya sumaku haiingizi kitu tumboni, hivyo hatuoni kwamba inafunguza. Mwenye kulazwa kwa nusukaputi atatia udhu upya akizinduka. Na mgonjwa amepewa ruhusa ya kula na kulipa. Mwenye kifaa mwilini anaposafiri, hata kwa Hijja na Umra, achukue kadi ya hospitali inayokieleza na aionyeshe kwenye mageti ya ukaguzi ya uwanja wa ndege.

Je, tuache kisomo? La. Ruqya ya kishari'ah ni tiba na ni ibada. Lakini haigombani na hospitali, kama vile du'aa ya mvua haimzuii mkulima kulima. Kinachotuhuzunisha ni mgonjwa kuzungushwa miaka kwa mtu anayedai ana jini, huku vidonge vikitupwa. Shekhe mwenye kumcha Allaah atasoma, kisha atasema: nendeni pia kwa daktari.

La kufanya leo, nyumbani

Huenda hakuna hata mmoja wetu atakayewekewa waya. Lakini yale utafiti huu uliyotufunza yanafaa katika kila nyumba ya visiwani.

Huzuni na kukata tamaa vikizidi wiki mbili, na mtu akaacha kula, kulala au kushughulika, mpelekeni hospitali. Hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja, ipo kwa ajili ya maradhi ya akili, na kwa walioko Pemba au mbali, anzieni hospitali iliyo karibu. Kwenda huko si aibu.

Mgonjwa akisema anataka kufa, msimkemee wala msimwambie amekufuru. Msimwache peke yake, wekeni mbali vitu vya kudhuru, na mumpeleke siku hiyo hiyo.

Vidonge vya sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi. Msiviache kwa sababu siku ya tano hamjaona kitu, na msivikatishe ghafla mkiona nafuu. Muulizeni daktari.

Msimfunge kamba wala pingu. Aliyenyanyuliwa kalamu kwa sababu ya akili yake hana dhambi ya kulipishwa.

Na akija mtu na mashine, mafuta au safari ya ng'ambo, muulizeni maswali ambayo Dkt. Mayberg alijiuliza mwenyewe: Wangapi wametibiwa? Wangapi hawakupona? Walifuatiliwa kwa muda gani? Madhara yake ni yapi? Asiyetaka kuwataja walioshindwa, hafai kukabidhiwa mtoto wenu.

Tunamuomba Allaah Awaponye wagonjwa wetu, Awape subira wanaowauguza usiku na mchana, na Atujaalie tuwe watu wa kusitiri na kusaidia.

Na Allaah Anajua zaidi.